Shindano la Kijani na Buluu

Kila siku nilipotoka shule sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipitia maktaba ya mtaa wetu, ambako mama yangu alikuwa fundi wa kompyuta. Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya chumba cha magazeti. Ndani mlikuwa na kompyuta kumi za wasomaji zilizopangwa kufuata kuta, printa moja iliyokohoa kila ilipotaka kutoa karatasi, na kwenye kona, ndani ya kabati lenye feni, seva. Seva ni kompyuta inayozihudumia nyingine zote na kutunza kazi za watu mahali pamoja. Nilivua viatu mlangoni, nikachukua kitambaa, nikapangusa kibodi zote kumi, kisha nikakaa kwenye kiti kilichokuwa kando ya kiti cha Mama.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijua kufungua kasha la kompyuta kwa bisibisi. Nilijua kwamba lazima uguse chuma kwanza, umeme wa mwilini usije ukaharibu vipuri. Wasomaji waliniita Fundi Mdogo. Hata mkutubi mkuu aliniita hivyo, yule ambaye sisi watoto tulimwita Miwani kwa sababu alivaa moja machoni na kuning'iniza nyingine shingoni. Nililipenda jina la Fundi Mdogo kuliko jina lililo kwenye cheti changu. Nayasema haya mapema ili ujue nilichokuwa nacho, maana habari hii ni ya wivu, na mwenye wivu huwa ana kitu anachoogopa kunyang'anywa.

Mwanzoni mwa muhula wa pili mama mdogo alipata nafasi ya kwenda mbali kusomea uuguzi, akamleta binti yake akae kwetu mwaka mzima. Mtoto wa mama mdogo ni ndugu, si mgeni. Mama alinikumbusha hilo mara tatu kabla hajafika. Nilimzidi miezi miwili tu. Kwao walimwita Kimya, kwa kuwa aliweza kumaliza sahani nzima ya chakula bila kusema neno. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mimi mwenyeji nilianza kuugua siku ile ile.

Siku ya kwanza maktabani Kimya alikuwa ameshapangusa kibodi tano kabla sijamaliza kufungua kamba za viatu. Wiki haijaisha, alikuwa anajua jinsi ya kuibembeleza printa. Jumamosi Miwani alipanda ngazi, akatutazama, akacheka.

"Naona sasa tuna mafundi wadogo wawili," alisema.

Watu wote waliokuwa chumbani walicheka. Mimi nilijitia hamnazo, lakini roho iliniuma. Tangu lini Fundi Mdogo akawa na wingi?

Wakati huo maktaba ilikuwa na jambo zito. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziamrisha programu nyingine zote. Mfumo wetu ulikuwa umezeeka, na waliouunda walikuwa wameacha kuurekebisha. Ilibidi Mama achague mwingine, wa seva na wa kompyuta za mezani. Mifumo iliyoweza kutufaa ilikuwa miwili, na majina yake yalikuwa marefu kiasi kwamba tuliiita kwa rangi ya kioo wakati kompyuta inawaka: Buluu na Kijani. Buluu ulikuwa wa picha na vitufe, mtu yeyote angeweza kuutumia akiwa amesinzia. Ila ulikuwa mlafi wa kumbukumbu, na ulipenda kujizima na kujiwasha wenyewe ili ujisasishe, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Kijani ulikuwa mwepesi, na ulijulikana kwa kukaa kwenye seva miezi mingi bila kuzimwa. Lakini baadhi ya mambo ulitaka uyaandike kwa amri, neno kwa neno, na kwa printa ulikuwa mkaidi.

"Sitachagua kwa kusikia," Mama alisema. "Tutapima mwezi mzima."

Akaweka kompyuta mbili zinazofanana kwenye meza ya nyuma, na chini ya meza seva mbili ndogo za majaribio. Kila kompyuta ilikuwa na kadi mbili za kumbukumbu, zile zinazoipa kompyuta nafasi ya kufanyia kazi, sawasawa na zile kumi za wasomaji. Mimi nikapewa Buluu, Kimya akapewa Kijani, na kila mmoja daftari. Kila siku saa tisa na nusu alasiri tulitakiwa kuwasha, kufungua faili lile lile kutoka kwenye seva, kuchapa ukurasa ule ule, na kuandika kila hatua imechukua sekunde ngapi na mashine imeganda mara ngapi.

"Kanuni ni moja," Mama alisema. "Kila kitu kiwe sawa pande zote mbili. Mkibadilisha kitu, hata waya, mniambie. Tusipofanya hivyo hatutajua tunapima nini."

Angeishia hapo, pengine nisingekuwa na la kusimulia. Lakini kwa kutaka kutuchangamsha akaongeza kwamba ambaye mfumo wake utachaguliwa ndiye atakayesimama naye mbele ya darasa la kompyuta alilowafundisha watoto wadogo kila Jumamosi. Mwaka mzima nilikuwa nikijiona mbele ya darasa lile. Kuanzia hapo Mama aliliita jaribio, mimi nikaliita shindano.

Wiki ya kwanza nilifurahi. Printa iliukatalia Kijani siku tatu mfululizo, na mimi nilichapa kurasa zangu polepole, nikiziinua juu ili zionekane. Kimya alichukua kitabu cha maelekezo, akakisoma wakati wa mapumziko shuleni. Siku ya nne printa ilikohoa, ikatoa karatasi yake.

"Umefanyaje, mwanangu?" Mama aliuliza.

"Kuna amri moja tulikuwa tunairuka, Mama Mkubwa. Iko ukurasa wa thelathini na moja."

"Chanda chema huvikwa pete," Mama akasema, akampapasa kichwa.

Nilivitazama vidole vyangu. Mama alikuwa amesema mwanangu, na hakuwa ananiambia mimi. Nilijua kwamba mama yake Kimya yuko mbali, nilijua kwamba neno hilo halina hatimiliki, na bado niliona kama mtu amevaa nguo yangu bila kuniomba. Usiku ule niligeukia ukutani ili nisimwone amelala kwa amani.

Kufikia wiki ya tatu daftari langu lilikuwa la aibu. Buluu ulichukua karibu dakika mbili kuwaka, Kijani sekunde hamsini. Seva ya Kijani ilikuwa haijazimwa hata mara moja, ya Buluu ilikuwa imejizima mara nne kwa ajili ya kujisasisha. Niliona wazi nani atasimama na Mama siku za Jumamosi.

Jumatano shule ilifungwa mapema. Kimya alikuwa amebaki kwenye mazoezi ya mpira wa wavu, na Mama alikuwa chini, akivuta waya mpya kwenye chumba cha magazeti. Nilichukua bisibisi. Niligusa chuma kwanza, kama nilivyofundishwa. Nilifungua kasha la kompyuta ya Kimya, nikachomoa kadi moja ya kumbukumbu kati ya mbili, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu, ikawa na tatu. Kisha nikazifunga skrubu zote na kufuta alama za vidole. Kazi yote haikufika dakika kumi, na ilikuwa safi. Fundi yeyote angenisifu, kama angeitazama kazi tu.

Saa tisa na nusu, Kimya akiwa ameshafika, Buluu uliwaka kwa sekunde arobaini na tano. Kijani ulijikokota, ukaganda, ukaganda tena. Sikuwa nimeandika uongo wowote katika daftari langu. Kila namba ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo nililojiambia kila nilipotaka kujisikia vizuri.

"Sijui nimegusa nini," Kimya alisema siku ya pili. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Andika imeganda mara mbili," nikamwambia. Sijui kama ilikuwa huruma au hofu.

"Lakini imeganda mara tatu."

Akaandika tatu. Nilimchukia kidogo kwa ajili hiyo.

Mwezi ulipoisha Mama aliyasoma madaftari yote mawili, akakuna kichwa, akayasoma tena. "Ajabu," alisema, "Buluu umeimarika na Kijani umechoka. Lakini namba ndizo hizi." Akaandika ripoti, na Miwani akaitia sahihi. Jumapili, maktaba ilipokuwa imefungwa, Mama aliweka Buluu kwenye seva na kwenye kompyuta zote kumi. Nilimpa bisibisi, nilimpa waya, nilimpa maji ya kunywa. Nilikuwa msaidizi bora kuliko siku zote.

Jumatatu tulipofika kutoka shule tulikuta foleni imeteremka hadi kwenye ngazi. Kompyuta zile kumi, kila moja na kadi zake mbili, zilikuwa zinabeba mfumo uliosifiwa kwa kadi tatu. Mtu akibonyeza kitufe, angeweza kwenda kunywa maji na kurudi kabla kioo hakijabadilika. Kijana mmoja alikuwa anajaza fomu ya chuo, na mwisho wa kuipokea ulikuwa saa kumi jioni ile ile. Alifika ukurasa wa mwisho, kompyuta ikaganda, fomu ikapotea. Akaanza upya, seva ikajizima ili ijisasishe. Saa kumi ikapita. Hakupiga kelele. Alikaa tu akitazama kioo, mikono ikiwa mapajani.

Miwani alipanda juu. "Fundi, si uliniambia mmepima mwezi mzima?"

"Tumepima," Mama alijibu. "Kila siku."

"Alipima nani?"

"Mimi. Wasichana walinisaidia kuandika."

Miwani alibadilisha miwani, akafungua madaftari. "Huyu wa Kijani ndiye yule aliyekuja juzi, siyo? Tazama. Mfumo unakwenda vizuri, ghafla unaharibika. Mtoto hakujua anachofanya, akauchafua, na sisi tukaufuata mwingine. Asiguse tena mashine zangu. Na Ijumaa kamati ya maktaba inakutana, itataka kujua kama tuna fundi au tuna mtu anayecheza."

Mama aliinamisha kichwa. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo mbele ya mtu.

"Samahani, Mama Mkubwa," Kimya alisema. "Labda ni mimi niliyekosea."

Basi nilikipata nilichokitaka, tena bila hata kukiomba. Kimya ameondolewa, Fundi Mdogo amerudi kuwa mmoja. Nilingoja furaha ije. Nilitembea hadi nyumbani nikiingoja, na hadi chakula kinakwisha ilikuwa haijafika. Badala yake kila Mama alipopitisha mkono usoni nilitazama pembeni.

Kesho yake Kimya hakutaka kuja maktabani. Alikuwa uani anafua sare zetu, zake na zangu. Alijipangusa mikono, akanipa daftari lake.

"Mwambie Mama Mkubwa kurasa za mwisho zimebaki nyeupe," alisema. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Hebu niambie kweli. Ungekuwa na Kijani wewe, ungefanya nini ambacho mimi sikukifanya? Nataka nijue nilikosea wapi, nisirudie."

Angenitukana ningeweza kuvumilia. Nikatoka mbio na daftari mkononi.

Nilimkuta Mama maktabani, mezani kwake, anaandika barua kwa kamati. Mstari wa kwanza ulisema kwamba upimaji ulikuwa na dosari na kwamba dosari hiyo ni yake.

"Mama, usiandike hivyo."

"Niandike vipi?"

"Ni mimi. Nilihamisha kadi ya kumbukumbu."

Akaweka kalamu chini. "Kutoka wapi kwenda wapi?"

"Kutoka kwa Kimya kuja kwangu."

"Lini?"

"Jumatano ya wiki ya tatu. Ulikuwa chini unavuta waya."

Akachukua daftari la Kimya, akatafuta siku ile, akapiga mstari chini yake. Mpaka hapo alikuwa ananiuliza kama fundi. Kisha akanitazama kama mama, na hapo ndipo nilipoanza kulia.

"Kwa nini?"

"Ulimwita mwanangu," nilisema. "Na Miwani akasema tuko wawili. Na Jumamosi ingekuwa yake."

Mama akainuka, akanipa bisibisi. "Irudishe kadi mahali pake. Ukimaliza, teremka ukamwambie mkutubi mkuu, kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea."

Ngazi zile zina hatua kumi na nane. Siku ile nilizihesabu zote. Miwani alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alivua miwani, na nilitambua kwamba bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, si wa mtu mkali.

"Umefanya kosa kubwa," alisema. "Nami nimemsema vibaya mtoto asiye na hatia, nitamwomba radhi mwenyewe. Wewe hutafungua kasha lolote la maktaba hii mpaka mwaka uishe. Na kamati nitaiambia jaribio linarudiwa."

Aliandika pia barua chuoni kuhusu fomu ya yule kijana, na chuo kikamwongezea siku tatu. Nilimwomba kijana yule msamaha. Aliniambia kwamba usiku ule alikuwa amewaambia wazazi wake kuwa mwaka umepotea. Sikujua niweke wapi macho.

Kimya ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Nilimweleza kila kitu pale uani, sare zikiwa zinachuruzika maji kwenye kamba.

"Kwa hiyo Kijani haukuwa mbovu," alisema.

"Haukuwa."

"Na mimi sikukosea."

"Hukukosea."

"Kama hukupenda nije maktabani, mbona hukusema tu?"

Hakunisemesha siku nne. Mtu anayeitwa Kimya, ungedhani nisingeona tofauti. Niliiona kila saa. Siku ya tano aliniuliza kama nimeona soksi zake, nami nilizitafuta nyumba nzima kama mtu anayetafuta dhahabu.

Jaribio lilirudiwa kwa wiki mbili. Safari hii Mama alikaa nasi kila siku, na wiki ya pili tulibadilishana: mimi nikapima Kijani, Kimya akapima Buluu. Matokeo hayakumpa mtu ushindi. Kijani ulikwenda kwenye seva na kwenye kompyuta nane, kwa sababu mashine zetu zilikuwa za kawaida na Kijani uliziendesha bila kuzichosha. Buluu ulibaki kwenye kompyuta mbili za karibu na mlango, ambazo Mama aliziongezea kumbukumbu. Baadhi ya wasomaji walihitaji programu zisizofanya kazi kwingine, na wazee waliogusa kompyuta kwa mara ya kwanza waliuelewa upesi. Kamati ilisoma ripoti hiyo Ijumaa nyingine, na Mama akabaki fundi.

Jumamosi iliyofuata Mama alimpa Kimya nafasi ya kusimama mbele ya darasa la watoto wadogo. Sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba watoto walinyamaza ili wamsikie, na darasa halikuwahi kuwa tulivu vile. Mimi nilikaa benchi la mwisho, magoti yakigonga meza ya watoto wa miaka saba. Nisidanganye, wivu ulinipanda tena. Mtoto mmoja aliyekuwa kando yangu hakuweza kufungua faili lake, nami nikamwonyesha, na kwa dakika hizo chache nikausahau.

Tulipokuwa tunafunga madirisha Mama alituita wote wawili.

"Na mimi nina langu la kuomba msamaha," alisema. "Nilisema anayeshinda atasimama nami. Nilitaka kuwatia moyo, nikawatia wivu. Lakini sikilizeni vizuri. Niliipima ile mifumo kwa sababu sikujua kila mmoja unafaa kazi gani. Nyinyi sijawahi kuwapima, wala sitawapima." Akanigeukia. "Wivu kuingia moyoni si kosa, mwanangu, hata mimi nimewahi kuwa nao. Kosa ni kuupa bisibisi. Ulidhani akipewa mwenzio, wewe umepunguziwa. Kadi ya kumbukumbu ndivyo ilivyo, ukiichomoa hapa, hapa pamepungua. Mapenzi ya mama hayachomolewi kwa mtoto mmoja yakachomekwa kwa mwingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Na wewe?"

"Nimekuelewa, Mama Mkubwa," Kimya akajibu.

Mama akazima taa, akampa kila mmoja wetu upande wake wa mkoba mzito wa waya, tukaubeba pamoja kuteremka ngazi.